Parsele yako imezungukwa na siti mupya? Tafuta njia mbele ukuta haiyapanda

Wiki ilipita dada yangu mudogo alinitumia vokali ku WhatsApp: "Yaya, nilinunua parsele Luwowoshi, iko muzuri kabisa, lakini mbele kuko batu, nyuma kuko batu, na pembeni banaanza kujenga siti mupya, sasa gari ya muchanga itapitia wapi?" Nilicheka, si kumuchekelea yeye, ni juu ile swali na mi niliiulizaka, tofauti ni kusema mi niliiuliza kisha kulipa mpaka dola ya mwisho. Njo maana naandika yote mara moja, mwenye kuwa na ile shida asome, asinitumie tena vokali ya dakika munane.

Hapa Lubumbashi munajua vile iko. Kalebuka, Kimbembe, Kilobelobe, Kasungami, Munama, pale pote pa komini Annexe zamani ilikuwa mashamba na vichuguu, batu banachoma matofali na udongo ya kichuguu, njia ni ile ya miguu na ya kinga. Leo unaamuka asubuhi unakuta buldoza inalaza vichuguu, kisha myezi mbili kuko ukuta murefu, baria, sentineli, na manyumba ya rangi moja, njo ile tunaita siti. Sisemi ni mubaya, siti inaleta poto ya umeme ya SNEL na bei ya maparsele inapanda. Lakini ile njia ya miguu inakufa, na weye mwenye kuwa nyuma unabakia kama mutu alifungiwa mu stoo.

Kwangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa napitia mu shamba ya mahindi ya mama mumoja, mutu muzuri, miaka yote hakunikataza. Siku mama aliuza shamba, mwenye kununua akaleta waashi, na kwa wiki tatu ukuta ikanifikia. Nikaenda kumuona shefu wa shantie, mi na hasira yangu, nikamuambia njia hii tulipitia miaka na miaka. Akaniangalia, akanijibu pole pole: "Papa, mi ni mwashi tu. Plani njo inasema."

Ile siku nilimuchukia. Lakini hakuna mutu alinipa konsei ya maana kupita ile. Plani njo inasema. Ruhusa ya mama ilikuwa roho yake muzuri, haikukuwa haki yangu, na mwenye kununua shamba hakununua roho ya mama.

Sasa tuanze kazi. Mbele ya kulia kwa mutu, ujue kwanza kufungiwa kwako ni kwa namna gani, juu kuko namna mbili na batu banazichanganya kila siku.

Namna ya kwanza: avenie iko ku plani, lakini mutu aliikula. Alisogeza ukuta, ao alijenga anekse ya nyumba juu yake, ao bakubwa fulani balikata avenie ikakuwa parsele na kuiuzisha. Hapa weye hauombe njia kwa mutu na hauilipie hata franga, juu ile njia ni ya Leta. Unaomba tu ifunguliwe. Nilishaonaka batu balilipa jirani juu ya kupita mu avenie ya Leta! Jirani akachukua dola, akasema asante, akafunga tena kisha mwaka.

Namna ya pili: kweli hakuna njia ku plani. Parsele yako ilikatwa nyuma ya zingine, ao shamba iligawanywa kati ya batoto na wa nyuma akasahauliwa. Hapa njo unatafuta haki ya kupita juu ya udongo ya mwenzako, ile baavoka banaita servitidi ya pasaji. Sheria ya udongo ya Kongo, ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, yenye ilibadilishwa 18 Julai 1980, inasema ku artikle 53 kama udongo ni mali ya Leta, siye tuko paka na konsesio (haki ya kuitumia) juu yake. Na ile ile sheria inajua servitidi. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema "huku ni kwangu, hakuna mutu anaweza kunilazimisha", umuache aseme, lakini usiamini yote.

Kujua uko mu namna gani, hakuna dawa ingine: kadastre, ile biro ya Leta yenye inapima maparsele na kulinda maplani yake. Ujue kwanza uko chini ya sirkonskripsio gani, maana eneo gani ya biro ya udongo, juu Lubumbashi haina moja tu, na batu banapoteza siku nzima ku foleni ya biro yenye si yao. Beba namba ya parsele, kopi ya karatasi zako, na kama uko na PV ya mezirazi na bornazi (karatasi ya kupima parsele na kuweka borni, zile alama za mupaka), hiyo njo ya mafuta, juu inaonyesha borni zako na bajirani ni nani kila upande. Uombe bakuonyeshe plani ya lotisema ya pale (vile udongo yote iligawanywa), si paka kroki, ule muchoro ya parsele yako, yako inaonyesha ndani na siye tunatafuta inje. Angalia pembeni ya parsele kama kuko mistari mbili na jina ya avenie, ao ni mustari moja yenye inagusana na namba ya jirani. Kama ni moja, mupenzi, uko mu namna ya pili.

Kila karatasi ya biashara hii inalipwa na noti ya persepsio (karatasi ya Leta yenye kuandika utalipa ngapi), unaenda kulipa ku banki, unarudi na prevu (karatasi ya kuonyesha ulilipa). Mutu akikuambia "nipe mukononi itaenda mbio", ni yeye ataenda mbio. Kisha chukua jeometa (mupimaji wa udongo) mwenye anajulikana ku kadastre, aje atafute borni ku uwanja. Usichekee hii, kwangu borni moja ilikuwa chini ya rundo ya matofali ya siti, metre moja na nusu ndani ya ukuta yao, na ile metre moja na nusu njo ilinipa nguvu ya kuongea.

Ku Irbanisime, biro ya mipango ya muji, pia upite. Mwenye kujenga siti anapashwa kuwa na plani ya lotisema na ruhusa ya kujenga, na mu ile plani njo unaona kama aliweka avenie yenye inafika mpaka ku mupaka yako ao alizizungusha zote ndani kama tumbo. Mara mingi avenie ya siti inaishia metre tatu ine mbele ya parsele ya mutu wa inje, na pale paka toboa moja ya ukuta inaweza kumaliza maneno yote.

Kuko tena kitu batu hawatumii: picha za setelite. Fungua Google Earth ku komputa, kuko pahali pa kurudisha miaka nyuma, utaona ile njia ya miguu vile ilikuwa imechorwa mu shamba mbele ya siti. Haikupe haki peke yake, lakini ukimuwekea mutu mbele picha yenye kuonyesha njia, na yeye alisema "haikukuwaka njia hapa", sauti yake inashuka.

Na karatasi ya kartie? Fishi ya parsele, atestasio ya shefu wa kartie, karatasi ya shefu wa mila, zote uziweke, zinasaidia kuonyesha ulifika lini na ni nani alikuuzishia. Lakini ku sheria haki juu ya udongo inaonyeshwa na sertifika ya anrejistrema, ile karatasi ya Leta yenye inaandika konsesio ni ya nani. Kama bado hauna, uanze kuitafuta sasa, juu jirani mwenye sertifika na weye mwenye karatasi ya kartie, mukisimama mbele ya juji hamusimame urefu moja.

Sasa kuongea. Uende mapema, wakati ukuta ingali kamba na mafimbo. Mutu mwenye bado hajamwaga beto anakusikiliza, mwenye alishamwaga anahesabu simenti yake. Tena usiende peke yako. Uliza bajirani ba nyuma na ba pembeni, juu nakuhakikishia hauko peke yako umefungiwa, siye tulikuwa familia tano na hatukujuana mpaka siku ile. Mukiwa tano munagawanya malipo, na mwenye siti anaona kama ni kartie inaongea, si mutu moja wa makelele. Mubebe shefu wa avenie na shefu wa kartie, babakie kama mashahidi, na kama inakuwa kubwa mupeleke barua ku biro ya burgumesta.

Usiende kuomba mikono mitupu. Angalia yeye anahitaji nini. Mwenye siti wetu alikuwa anataka mufereji ya maji ya mvua ipite chini, na chini njo kwetu, juu kule inatelemuka. Tukamuambia: maji yako ipite mu mufereji yenye weye utajenga na simenti, na siye tupite pembeni ya ukuta yako. Hapo njo maneno ilibadilika. Wengine banabadilishana kona ya udongo: weye unamupa metre zako za pembeni zenye zinanyoosha ukuta yake, yeye anakupa njia. Na wengine inabidi balipe tu, kulipa si haya, mutu anapoteza udongo kweli. Lakini ulipe kisha kusainia, si mbele, na prevu mukononi.

Uchunge na zawadi ya bure. Atakupa njia chini ya nyaya za SNEL za kubwa, ao pembeni ya kamuto, juu pale hawezi kujenga. Uende uiangalie mu Januari kisha mvua ya usiku moja, si mu Julai. Udongo yetu mu kiangazi ni kama simenti, mu mvua ni sabuni, gari inalala pale na weye unalala nayo.

Upana. Hapa batu banajidanganya sana. Banaandika "njia ya kupita" na basi. Kupita na nini? Mutu na puspusi yake ya unga anapita mu metre moja na nusu. Gari ndogo inataka metre tatu. Lakini kamio beni ya muchanga, kamio yenye inaleta manjanja na vyuma, ile ya kunyonya fosi septike, na ambilansi siku ya mutoto anagonjwa, hizo zinataka metre ine kwenda juu, na pale pa kugeuka kona zinataka zaidi kabisa. Mi nakuambia dai sita, ukitoka na ine na nusu umekula. Na uangalie kona, juu njia ya metre tano yenye inakata kona kali inakuwa kama ya metre tatu kwa kamio, dereva atakwangua ukuta ya siti na kesho baria imefungwa.

Mu karatasi yenyewe muandike: njia inaanza ku borni gani inaishia ku borni gani, urefu, upana, ni parsele namba gani inapitiwa na namba gani inapita. Muandike ni ya batu na magari, muchana na usiku, juu siti iko na baria na sentineli wa saa ine ya usiku hajui maneno ya mu biro. Muandike bomba ya maji ya REGIDESO na nyaya ya SNEL zinaweza kupita mule mule, hii batu tisa juu ya kumi banasahau, kisha banapata njia na hawapate maji, banarudi kuanza maneno upya. Muandike nani anasawazisha njia kisha mvua, nani anachimbua mufereji. Muandike kama hakuna mutu anaweza kuweka mulango juu ya njia bila kumupa mwenzake ufunguo. Na muandike hii haki inafuata parsele, haifuate mutu, maana mukiuza ao mukifa inabakia. Kroki ya jeometa inaingia nyuma ya karatasi, na yenyewe isainiwe.

Nani anasaini? Hapa njo makaratasi mingi inakufia. Kama jirani alioa, bibi yake asaini pia. Si heshima tu, Kode ya familia ya 1987, yenye ilirekebishwa 2016, inasema bwana na bibi bote babili banapashwa kukubali kwa kuuza konsesio ao kuweka haki ya mutu mwingine juu yake, hata kama masertifika iko ku jina ya moja. Bwana anasaini peke yake, kisha mwaka bibi anaamuka, na iko na haki. Kama mwenye parsele alikufa, utafute bariti bote ao mwenye familia ilichagua kulikide (kugawanya mali ya marehemu), usimuridhie mutoto mukubwa mwenye anasema "bale bengine bananiachia". Kama ni kampuni, asaini jera (mukubwa wa kampuni) mwenye, na tampo, na namba ya RCCM (rejistre ya biashara), usikubali sinyatire ya shefu wa shantie hata kama ni mutu muzuri kama yule wangu.

Kisha mupite kwa notere, na kisha notere musirudi nyumbani kukunywa bia, mwende kwa konservatere wa matitri imobilie (mukubwa wa biro yenye kutoa masertifika), iandikwe ku sertifika. Ya yule anatoa njia na ya yule anapata njia. Mi hapa niko mukali: bila ile andiko uko na ahadi tu. Jirani anauza, mwenye kununua anafungua sertifika yake, haone kitu, anakuambia mi nilinunua safi. Na weye unarudi ku ukuta na hasira yako kama mi ile siku.

Na kama jirani anakataa? Barua kwanza, ya heshima, yenye kueleza na kroki, aipokee na akize ya resepsio (sinyatire ya kuonyesha aliipokea), akikataa kusaini ipeleke na wisie (mutumishi wa tribinali). Mwite wisie pia aje kufanya konsta, aandike kama parsele yako haina pa kutokea, apige picha. Kisha avoka. Maneno ya udongo wa mila inaanzaka ku Tribinali ya Pe, lakini kama kuko sertifika ndani ni Tribinali ya Grande Enstansi, usikubali mutu akuzungushe. Utadai servitidi na utapashwa kulipa endamite (malipo ya hasara ya jirani), ni kawaida, na njia itatafutwa pale pafupi na pale panamuumiza jirani kidogo, si pale weye unapenda. Kama parsele yako ilikatwa mu parsele ya mutu mwenye alikuuzishia, avoka mwenye akili ataanza na yule, juu yeye njo alikufungia.

Kwa bale ba namna ya kwanza, benye avenie yao ilikuliwa, muko na saa yenye inatembea. Mutu akipata sertifika juu ya ile avenie, kisha miaka mbili ile sertifika haishambuliwe tena, utabakia kudai malipo tu. Kwa hiyo siku unaona borni mupya mu avenie, ile ile wiki uandike ku kadastre, ku Irbanisime na ku komini, kopi uzilinde. Usiseme tutaona kisha Noeli.

Na usivunje ukuta! Najua, vijana ba kartie batakuambia "papa tupe bia tu, usiku moja tunaifungua". Kuvunja kintu ya mwenzako ni kosa ya penali, ata kama ile ukuta iko pabaya. Mutu wa pale karibu na kwetu alikuwa na haki yote, plani, borni, yote, akavunja, na maneno ikageuka: ule wa ukuta akakuwa mwenye kuonewa, na yeye akalala ku kasho. Haki yake ya njia ilingojea myezi mingi juu ya usiku moja.

Kwa mwenye bado hajanunua, nasema mbio: mwenye kuuza akikuonyesha njia na kidole, mwambie aionyeshe ku plani. Akisema "njia itakuya siti ikiisha", punguza bei ao rudi nyumbani. Na ulizie bale benye kukaa karibu, mama wa kuuzisha makala pale njiani anajua kupita komisionere wote.

Siye mwisho tulipata metre ine na nusu pembeni ya ukuta ya siti, mufereji balijenga, na karatasi iko kwa konservatere. Kamio ya kwanza ya muchanga ilipita mu Septemba, ikaangusha matofali mbili ya kona, tukazirudisha siye wenyewe ile ile mangaribi mbele sentineli haiyaamuka. Dada yangu anaenda kadastre kesho. Nilimuambia afike mbele ya saa mbili, abebe PV ya bornazi na kopi mbili za kila kitu, na avae viatu ya kutembea, juu kisha biro jeometa atamupeleka Luwowoshi kutafuta borni mu majani.